Shimo la Uani

Kwa nini miguu ya mdogo wangu ilikakamaa zaidi kila alipocheka? Leo harufu ya udongo uliolowa mvua imenirudishia shimo alilochimba shangazi uani kwetu Kagongwa. Alitaka kumfukia mdogo wangu hadi kiunoni ili miguu inyooke.

"Anajikaza makusudi," alisema. "Mtekenye uone!"

Nilimtekenya. Akacheka, na miguu ikawa migumu kama mchi, ikapishana kama mkasi.

"Si umeona? Kaidi huyu!"

Niliruka shimoni nikakaa, udongo baridi ukanigandia mapajani.

"Kaidi ni mimi. Nifukie mimi kwanza."

"Toka humo, we mbishi!"

"Sitoki."

Tulikuwa bado tunavutana mama aliporudi kutoka kukoboa mpunga. Alitutazama, akambeba mdogo wangu mgongoni.

"Shimo lifukie, wifi. Huyu naenda naye hospitali."

Huko, daktari, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na fundi wa viatu maalumu vya kunyoosha miguu walimhudumia kwa pamoja. Jibu la swali langu nililipata miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni: ubongo wake, ulioumia alipozaliwa, ulishindwa kuiambia misuli ilegee, na furaha iliikaza zaidi.