Oili ya Pijo la Nyanya

Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye kituo cha mafuta pale barabara ya Outer Ring. Kijana wa pampu akainua boneti ya gari langu, akapiga mbinja. "Mathe, hii ni ya kitambo! Sasa oili inakunywa ngapi?" Nikamwambia ni kama lita nne, ila amimine tatu na nusu kwanza, tungoje itulie, kisha tupime. Alinicheka kidogo. Hakujua, rafiki yangu, kwamba alikuwa amenirudisha mtaani Umoja, kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga, nikiwa darasa la nne na gari hilo likiwa bado la nyanya.

Lilikuwa Pijo, yaani Peugeot, la rangi ya chai ya maziwa. Babu alipofariki, watu walidhani nyanya angeliuza arudi zake kijijini Vihiga. Yeye akajifunza kuendesha na mvi zake kichwani, akawa analitumia kubebea samaki wake wa kuuza sokoni. Asubuhi ploti nzima iliamka kwa harufu ya mandazi na mafuta ya taa, redio za majirani zikishindana, mimi nikifagia ua kabla ya shule. Nyanya naye alikuwa akichomoa kile kijiti cha kupimia oili, anakipangusa kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena. Kilikuwa na alama mbili. "Kati ya hapa na hapa," alizoea kusema. "Ikipungua chuma kinalia, ikizidi chuma kinatapika."

Wanaume wa ploti hawakukubaliana naye hata siku moja; wao waliamini gari zee hujazwa oili bila kupima. Mwenye imani kubwa kuliko wote alikuwa jirani wa mlango wa pili, seremala wa kutoka Murang'a. "Gari zee ni kama mzee," alikuwa akisema. "Humhesabii vikombe." Lakini alimpenda sana nyanya, kwa sababu nyanya alikuwa akimbebea mbao zake kwa gari bila kunung'unika.

Basi Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani, nyanya akaegesha, akaingia ndani kusonga ugali. Seremala akaona hiyo ndiyo nafasi ya kumlipa wema. Akafungua boneti wakati injini bado ina moto, akachomoa kijiti, akakikuta karibu kikavu. Angengoja kidogo tu, oili ingeshuka chini na kumwonyesha ukweli. Hakungoja. Akaleta mkebe mpya wa oili aliokuwa amemnunulia nyanya kama zawadi, akaumimina wote.

Tulikuwa hatujamaliza ugali na mboga yetu ya mrenda mke wa seremala, aliyekuwa mjamzito, alipopiga ukemi. Uchungu wa kuzaa ulikuwa umeanza, tena kabla ya wakati wake. Gari lilikuwa moja tu pale, na nyanya akatoka mbio na funguo mkononi. Mimi niliingia kiti cha nyuma na yule mama, akanishika mkono kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi. Nyanya akawasha. Gari likatetemeka kama lenye homa, na nyuma yetu ukatoka moshi wa samawati uliofunika kamba zote za nguo. Akazima.

"Nani ameshika gari langu?"

Seremala alikuwa amesimama na suti yake ya kanisani. "Ni mimi, Mama. Niliongeza oili. Mkebe mzima."

Nyanya alifumba macho kidogo. "Leta spana. Na karai."

"Mama, twende tu hivyo hivyo!"

"Tukikwama Jogoo Road utambeba mgongoni?"

Seremala akaingia chini ya gari na suti ile ile. Tulisikia nati ikilia, kisha oili ikichuruzika kwenye karai. Nyanya alipomwambia afunge, alifunga, lakini bado hakuwasha. Alisimama na kijiti mkononi, midomo ikitembea. Alikuwa anakariri zaburi taratibu, mstari kwa mstari, huku oili ikitulia.

"Mama," mkewe seremala akamwita kutoka nyuma, analia na kucheka pamoja, "huyu mtoto hangojei oili!"

"Atangoja zaburi moja," nyanya akajibu. "Tulieni nyote."

Mimi niliogopa mpaka nikataka kukojoa. Mwishowe akapima, akatikisa kichwa kukubali, akawasha. Pijo likaimba. Majirani walisukuma geti, na tukaenda hadi hospitali ya kina mama kule Pumwani, taa zikiwaka mchana, seremala akipunga kitambaa cheupe dirishani, mikono na uso vyeusi tii. Wauguzi waliofungua mlango walitaka kumlaza yeye kwanza.

Mtoto alizaliwa kabla jua halijazama, msichana, mdogo lakini mwenye sauti. Walimpa jina la nyanya, ingawa hawakuwa kabila moja wala kanisa moja. Suti haikutakata kamwe. Seremala aliivaa hivyo hivyo kwenye ubatizo, na doa lake mgongoni.

Ua ule haupo tena. Pamejengwa ghorofa sita, na wapangaji wengi hupishana kwenye ngazi bila kujuana. Nyanya amelala Vihiga karibu na babu. Harufu ya mandazi ya asubuhi nayo imehamia kibandani kando ya barabara, na redio zimeingia kwenye masikio ya watu. Nikipita pale huwa natafuta hata kipande cha geti letu, nisikipate.

Lakini majuzi yule mtoto wa Pumwani, ambaye sasa ana watoto wake wawili, alikuja nao kunitembelea. Nilikuwa ndani nachemsha chai. Nilipotoka niliwakuta wote watatu wamekwisha kujipanga ndani ya Pijo, mama mtu mbele, wanawe nyuma, madirisha yamefunguliwa. "Shangazi," mtoto mdogo akaniita, "tunakungoja wewe tu."

Nikazima jiko, nikafuata funguo.