Feni Nne na Sauti ya Baba

Mpaka leo mtu akinisifia kompyuta ya gemu yenye kadi mbili za grafiki, namtazama mpaka anyamaze mwenyewe. Ninayo. Naijua inavyonguruma, na najua ilivyonidhalilisha mbele ya ukoo, sebuleni kwa mama yangu, hapa Bugene, mimi mwanamke mzima wa miaka arobaini na ushee, ninayeheshimika kwa kazi yangu ya kuhariri video za harusi.

Niliinunua kwa mtu wa Mwanza aliyekuwa akiichezea gemu. "Dada, hapa umepata mnyama," akaniambia. "Wenzako wana kadi moja, wewe una mbili!" Nami nikachekelea kama mjinga. Hakuniambia kwamba hizo kadi zimebanana humo ndani, hata kidole hakipiti katikati, na ile ya juu inavuta hewa ambayo ya chini imeshaichemsha. Kila kadi ina feni mbili. Zikianza kukimbia zote nne, humsikii mtu aliyekaa mbele yako. Na lililoniuma zaidi nilikuja kulijua baadaye: programu yangu ya kuhariri ilikuwa inatumia kadi moja tu. Ya pili ilikaa mle inakula umeme, inatoa joto na kupiga kelele. Kazi haifanyi. Jamani!

Baba yangu alipozidiwa na ugonjwa, aliniita nimrekodi. Kuandika hakuweza tena, na sauti ilikuwa imebaki ndogo sana. Mbele ya kamera akasema kwamba kibanja chake, yaani shamba lote la migomba na kahawa pamoja na nyumba, ni cha mama mpaka mama mwenyewe atakapoondoka duniani. Alisema hivyo kwa sababu aliwajua ndugu zake. Huku kwetu mjane huambiwa kwamba kibanja ni cha ukoo kabla hata machozi hayajamkauka.

Matanga yalipokwisha, baba mkubwa, kaka yake baba, akaja kutoka Bweranyange na wazee watatu kufanya kikao. Nikawaambia maneno ya marehemu yapo. "Tutayasikia," akasema. Video ilikuwa bado mbichi, sijaihariri ikakamilika. Runinga ya mama haikuweza kuyasoma mafaili ya kamera, na sauti ya baba nilikuwa nimeikuza humo humo kwenye programu yangu. Kwa hiyo nikaibeba kompyuta nzima mpaka sebuleni. Kioo na spika nikaviweka mezani, boksi la mashine yenyewe nikazisogeza nyasi, likakaa chini.

Nyasi hizo alikuwa amezitandika mama. Wakija wazee kwa jambo zito, mama hutandika sakafu yote nyasi kavu, hata kama ni ya saruji, na ana mkono wa kutandika: zinalala upande mmoja, hazina takataka. Alipoliona boksi langu limekaa kwenye saruji tupu, roho ikamuuma. Waitu, jamani, kitu kilichobeba sauti ya mume wake kikae chini hivi hivi? Akaliinamisha kidogo, akasukumia nyasi chini yake, kisha akazijaza pembeni zote, taratibu, kama anayemwekea mgonjwa mto.

Niliona. Feni inayoingiza hewa iko chini ya boksi, na nilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Lakini ningefanyaje? Wazee wameshakaa, mama amepiga magoti mbele yao, nimwambie aziondoe nyasi zake? Kwetu mtoto wa kike hamrekebishi mama yake mbele ya mashemeji zake. Nikameza maneno. Kosa langu ni hilo, na nalikiri hapa huku nimekasirika.

Nikaiwasha video. Sura ya baba ikatokea, mama akajishika mdomo. Feni nazo zikaamka, mwanzoni taratibu, kisha zikapandisha mpaka vikombe vikaanza kutetemeka mezani. Baba mkubwa, aliyekaa karibu kabisa na spika, akauliza, "Mwanangu, hii ni kompyuta au mashine ya kukobolea kahawa?" Wenzake wakacheka. Mtu kafa, mjane yupo pale, wao wanacheka! Nikaongeza sauti hadi mwisho. Feni zikaongeza kelele. Harufu ya vumbi lililopata moto ikajaa sebuleni. Maneno ya baba nimeyakariri, na kwa kuitazama midomo yake nikajua suala la kibanja amelimaliza. Mara kioo kikawa cheusi. Joto lilikuwa limezidi, mashine imejizima.

"Basi," akasema baba mkubwa. "Hatukusikia kitu. Marehemu mwenyewe amekataa kusema."

Nikawaomba nusu saa tu ipoe. Nusu saa! Wakasema kikao kimefungwa: kibanja kitasimamiwa na ukoo, mama aachiwe migomba ya nyuma ya nyumba. Wakamalizia kutafuna buni za kahawa walizokaribishwa na mama, wakasimama, wakaondoka. Mama akaanza kuzikusanya nyasi zake mikononi, analia. "Ni mimi," akasema. "Nimemziba mume wangu mdomo kwa mikono yangu." Nikamweleza habari za zile kadi mbili, nikamweleza kwamba ni mimi niliyepaswa kusema. Hakunisikiliza.

Wiki nzima mama alikuwa hali chakula vizuri. Mimi asubuhi ya pili tu baada ya kikao nililifungua boksi. Mapumba ya nyasi yalikuwa yamejaa katikati ya vyuma vya kupoozea, nikayatoa kwa brashi ya rangi. Nikaing'oa ile kadi ya pili, nikaitupa juu ya kabati. Boksi nikalipandisha juu ya matofali mawili, nikawasha. Mawe, mama wee! Feni zilivuma kidogo tu, na baba akasikika mpaka uani. Nikaikamilisha video, nikaiweka kwenye simu. Baba mkubwa nikawa nampigia kutwa mara tatu, mara nne, hapokei. Siku ya saba nikapanda bodaboda mpaka Bweranyange.

Nilimkuta uani kwake anageuza kahawa aliyoianika.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Karibu kiti."

Sikukaa. Nikamsogezea simu sikioni, nikabonyeza. Baba akaanza kusema, kwa kile kisauti chake. Baba mkubwa hakuinamisha kichwa kusikiliza, hakuniambia niongeze sauti. Aliendelea kugeuza kahawa mpaka maneno yakaisha.

"Nilisikia siku ile ile," akasema. "Mdogo wangu huyu tumelala kitanda kimoja miaka mingapi? Sauti yake ningeisikia hata kwenye mvua ya mawe."

Damu ilinipanda kichwani. Nikamuuliza, hivi mama anajiita muuaji wa maneno ya mumewe, halafu wewe ulisikia? Ukajitia hamnazo?

"Kelele ilikuwepo kweli," akasema.

"Vaa viatu," nikamwambia. Sijawahi kumwambia mzee hivyo tangu nizaliwe. Akavaa.

Mama alitukaribisha, akapiga magoti, akamsalimu, akaniambia nibandike chai. Nikabandika, nikarudi kusimama mlangoni. Baba mkubwa alilikuna goti lake, akaangalia ukuta. "Shemeji," akasema mwishowe, "siku ile nilisikia."

Mama akamtazama. "Wewe peke yako?"

"Sote."

Mama akanyanyuka kutoka magotini, akakaa kwenye kiti mkabala naye, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele ya shemeji. Akamwambia kwamba Jumapili baada ya ibada aje na wenzake wote watatu, wayaseme hayo, na maneno ya marehemu kuhusu kibanja, mbele ya mchungaji na majirani. Baba mkubwa akaitikia kwa kichwa. Kisha mama akanigeukia, akaniambia niepue chai, mgeni anaondoka.