Debe la Ziwani na Debe la Migori

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa vumbi jeupe la dawa lililotushika nywele mpaka sote tukafanana na vikongwe. Tulikuwa kwenye ghala la wakulima, nje kidogo ya Homa Bay, miaka michache baada ya Uhuru. Mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba yetu. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule mapema ili wadogo zangu watatu, Otieno, Awuor na Okello, wapate mtu wa kuwapikia uji. Sikusikitika sana. Au niseme nilisikitika, lakini kazi ilikuwa nyingi kuliko masikitiko.

Baba yetu mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake, na shamba lake lilikuwa huko Lambwe, mbali na letu. Mwaka mmoja fukusi walitoboa mbegu zetu zote ndani ya dero, lile ghala dogo la fito alilotuachia mama, na majirani ndio waliotupa mbegu nyingine za kupanda. Baba mdogo akaja, akaketi, akasema bila hasira: "Nyara, binti yangu, mkikosa mbegu tena nitawagawa. Otieno aje kwangu, Awuor aende kwa mjomba Kendu Bay, Okello atafutiwe nyumba. Siwezi kuangalia watoto wa ndugu yangu wakilala njaa kwa ukaidi wako."

Awuor alisikia. Tangu siku hiyo akawa analala ameshika nguo yangu.

Kwa hiyo tulipovuna, sikurudisha mbegu kwenye dero. Nilizipeleka ghalani. Kule kulikuwa na makasha makubwa ya mbao, kila nyumba na kasha lake, na bwana ghala, kijana mpole mgeni pande zetu, alikuwa ameandika ukutani kwa rangi nyeupe: Mahindi ya mbegu, debe nane kwa kopo moja la dawa. Changanya. Funika. Maneno machache, mazuri, hata mimi niliyaweza.

Sasa ujue jinsi sisi wa ziwani tulivyopima. Kwetu debe halikuhesabiwa kuwa limejaa mpaka liwe na kilima juu na punje zianze kuteleza pembeni. Mwanamke aliyekata debe usawa wa mdomo alisemwa sokoni mpaka wanawe wakasikia. Basi tulijaza, tukapandisha kilima, tukakipigapiga kwa kiganja, tukaongeza konzi moja ya heshima. Ukuta haukutuambia tufanye vinginevyo.

Siku hiyo shangazi yangu alikuwa amekuja kunisaidia kubeba. Kwa Kijaluo tunamwita Waya, yaani dada ya baba. Alikuwa ameolewa upande wa Migori, jirani na Wakuria. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akaniangalia nikimimina.

"Nyara, hilo unampimia nani?"

"Ni mbegu zetu, Waya."

"Nilidhani unampimia mkwe. Hicho kilima cha nini?"

Wanawake wakacheka. Min Ouma, jirani yetu, alikuwa ameshafunga kasha lake na kukaa juu yake kama kiti cha chifu. Akamjibu: "Huko Migori wamekufundisha uchoyo. Debe ni debe!"

"Huko Migori tunapitisha kijiti juu ya mdomo, kinachoanguka kinarudi guniani. Ningepima hivi mbele ya mama mkwe, angeniuliza kama nagawa mali ya mwanawe."

"Ndiyo maana umekonda hivyo!"

Waya mwenyewe alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akautazama ukuta, akanitazama mimi. "Na huyu aliyeandika pale, debe lake ni la wapi?"

Kusema kweli, swali hilo lilikuwa limenijia asubuhi nikalifukuza. Niliona waliosoma wote wanajua, na mimi niliyeacha shule ndiye peke yangu nisiyejua. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ndogo.

Akanishika sikio, si kwa nguvu. "Nyara, aibu yako itatulimia shamba? Fukusi hawaulizi uliishia darasa gani. Mwite huyo kijana."

Bwana ghala alikuja, akayasoma maneno yake kana kwamba yameandikwa na mtu mwingine. "La kukata," akasema. "Usawa wa mdomo. Kwani kuna jingine?"

Waya akamwonyesha debe langu.

Kijana akapiga mluzi. "Mama yangu! Haikunijia kabisa kwamba debe linaweza kuvaa kofia. Mkipima hivyo dawa inakuwa hafifu. Fukusi wataishi humo kama kwao."

Hapo hakuna aliyecheka. Min Ouma aliteremka kwenye kasha lake polepole, akafungua kifuniko, akaanza kutoa mahindi kwa mikono miwili. Wengine wakamfuata. Tulimwaga kila kitu kwenye mikeka, tukapima upya kwa kijiti, tukachanganya upya. Dawa iliyobaki haikutosha mahindi yangu yote. Yale ambayo hayakuguswa na dawa nilirudi nayo nyumbani tukayala, na kasha letu nikalifunga likiwa halijajaa. Niliona kama nimefungia humo wadogo zangu wawili tu, na wa tatu amebaki nje.

Bwana ghala akachukua rangi yake akaongeza ukutani: Debe la kukata, usawa wa mdomo. Min Ouma akamwambia, "Andika pia bila kilima. Hawa wa ziwani nawajua, mimi ni mmoja wao." Akaandika.

Kasha moja halikufunguliwa, kwa sababu mwenyewe, mzee mvuvi, alikuwa ameenda kisiwani Remba na ufunguo. Mvua ilipokaribia na kasha likafunguliwa, mahindi yake yalikuwa unga na maganda. Tulimchangia, kila nyumba kidogo.

Baba mdogo alifika siku ya kupanda. Akazamisha mkono ndani ya gunia letu mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi, akazigeuza punje kiganjani moja moja akitafuta matundu. Awuor alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi zake. Baba mdogo akakung'uta mkono.

"Otieno," akasema, "lete majembe." Akavua viatu, akapanda pamoja nasi mpaka jua likawa kichwani. Habari ya kugawa watoto hakuitaja tena.

Mwanangu, unapomwandikia mtu namba, mwandikie ni ya nini, na hicho kitu kina ukubwa gani kwako. Mjukuu wangu anafanya kazi ya kompyuta. Ameniambia kwamba mahali pa kuhifadhia mambo ndani yake pamegawanywa vyumba vidogo vinavyoitwa sekta, na mwenzake aliandika kwenye maelekezo ukubwa wa sekta, namba tupu, bila kusema kama ni baiti au kilobaiti. Wasomaji wakakisia, kila mmoja kwa mazoea ya kwao. Nilimwambia arudi akaongeze neno hilo moja, hata kama wenzake watamwona anaeleza kilicho wazi. Bwana ghala wetu hakuwa mvivu wala mjinga. Aliandika kama mtu anayesomwa na ndugu zake tu. Nawe ukiwa msomaji na hujaelewa, uliza mapema, uliza kwa sauti. Pengine wote waliomo chumbani wanangoja mtu wa kuuliza.

Mungu akupe mkono unaoandika wazi na mdomo usioogopa. Kazi yako imfae hata mtu usiyemjua, na walio wako walale chini ya paa moja.