Muuza chapati wa Busia anayesaka sura aliyowafungia wateja

Saa moja kasoro asubuhi, ukungu bado umeifunika barabara ya mpakani Busia. Hajarah Taaka anageuza chapati kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kitabu kisicho na jalada. Mteja akisimama, kitabu kinaingia chini ya aproni. Akiondoka, kinatoka.

"Mama Shakirah, utatuunguzia chapati!" anateta John Paul Wanjala, wakala wa forodha anayevuka kila siku kutoka upande wa Kenya.

"Ngoja kidogo. Huyu msichana sasa ndio anatoroka," anajibu mama huyo bila kuinua macho.

Taaka, 46, mzaliwa wa Masafu upande wa Uganda, amekaanga chapati hapa kwa zaidi ya miaka kumi. Siku njema hubakiwa na shilingi elfu ishirini za Uganda baada ya kununua unga na mkaa. Karatasi za kufungia hununua kwa kilo: magazeti, madaftari ya shule, vitabu vilivyochoka.

Mwezi uliopita alikuwa ameshachana kurasa za nyuma za kitabu kimoja na kuwafungia wateja asubuhi nzima, ndipo macho yake yakaangukia jina la mhusika analolijua. Ilikuwa ile riwaya aliyoipenda kuliko zote alipokuwa shuleni, ya binti aliyetoroka na mwanamume, kisha akarudi kwao na kubisha mlango wa mama yake.

"Nilikaa chini. Sura ya mwisho nimeuza na chapati, mimi mwenyewe, na hii mikono," anasema.

Tangu hapo hana simile. Kila mteja wa siku ile aliulizwa karatasi yake iko wapi. Madereva wa malori walimcheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kupekua chini ya viti. Wanjala aliokota moja kwenye begi lake. Nyingi zimerudi, zimelowa mafuta lakini zinasomeka. Haijarudi ile ya mama na binti mlangoni, na Taaka hakumbuki mama alisema nini.

Alipokuwa na miaka kumi na sita alimchukia mama huyo. "Nilisema huyu mwanamke iko na roho mbaya. Sasa nasoma, naona analia jikoni. Hiyo kulia ilikuwa pale pale, mimi sikuona."

Ameyaona machozi hayo sasa kwa sababu naye yamemfika. Miaka mitatu iliyopita binti yake, Shakirah, aliolewa Bungoma, Kenya, bila ridhaa ya mama yake. Taaka alimwambia asikanyage tena nyumbani, naye hakukanyaga. Yuko mjukuu ambaye bibi yake hajampakata, na jambo hilo linamuuma.

"Nilitaka kuona yule mama alisema nini, na mimi niseme hivyo hivyo."

Wanjala, akipokea chapati yake, anaahidi kumtafutia kitabu kizima Nairobi. "Nipe wiki mbili tu, Mama."

"Lete, nitasoma. Lakini Jumapili mimi nakwenda Bungoma."

"Na bila ule ukurasa, utasema nini?"

Taaka anaifuta mikono yake kwenye aproni, taratibu.

"Kwa kitabu, mama iko ndani, binti iko nje. Jumapili mimi ndio niko nje. Nitapiga hodi. Asipofungua, nitapiga tena."