Mwalimu Aliyekalia Dawati

Mwalimu Pilipili jina hilo alilipata kwa sababu ya mdomo. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, na akikasirika shule nzima ilijua, maana shule yenyewe ilikuwa na vyumba saba tu visivyo na dari. Miaka mingi alifundisha madarasa ya chini, akiwashikisha watoto penseli na kuwapangusa makamasi. Mwaka ule mwalimu wa darasa la saba alistaafu, akapewa yeye.

Shule ilipakana na machimbo ya mawe. Nusu ya watoto walikuwa wa pale pale mtaani, wa wenye maduka, makarani na mafundi wenye nyumba zao. Nusu nyingine walikuwa wa machimboni. Wazazi wao walikuja na vifurushi kutafuta kibarua cha kuponda kokoto, nyumbani wanaongea lugha nyingine kabisa, na asubuhi mtoto anateka maji kwanza ndipo aje darasani. Watoto hao walichelewa kushika masomo. Sasa ulitaka wawahi vipi?

Na bado kila mwaka shule ile ilifaulisha watoto wote. Wote, jamani! Asilimia mia iliandikwa kwa rangi nyekundu ukutani karibu na geti, na Mkuu wa shule akipita hapo alipunguza mwendo.

Namna walivyoipata kila mtu aliijua, ila hakuna aliyeisema. Katikati ya mwaka, baada ya mtihani wa majaribio, Mkuu alisimama mlangoni mwa darasa la saba na kunyoosha kidole. "Wewe. Wewe. Na wewe huko nyuma." Aliyenyooshewa aliinuka, akajitwika dawati lake mwenyewe kichwani, akavuka uwanja mpaka darasa la sita huku wenzake wakichungulia madirishani. Mkuu aliita hiyo kupunguza mzigo. Waliobaki kufanya mtihani wa mwisho walikuwa wachache, tena wale wale wa mtaani, na wakifaulu watu wanapiga makofi. Upuuzi mtupu!

Katika darasa la Pilipili alikuwamo msichana wa machimboni ambaye watoto walimwita Twiga kwa urefu wake. Urefu gani? Urefu wa kushushwa! Alikuwa amevuka uwanja na dawati mara mbili, na mwaka ule alikuwa amelifikia darasa la saba mara ya tatu, magoti yamebanwa chini ya ubao wa dawati, sketi imeishia asipotaka iishie. Hakuwa mjinga. Alikuwa mzito wa kusoma, lakini akishaelewa kitu hakimtoki.

Siku moja baba yake, mponda kokoto, alimngoja Pilipili getini, kofia mkononi.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na mtu," alisema. "Ila mwanangu akishushwa tena, nampa nyundo akakae na mama yake. Siwezi kulea mwanafunzi wa darasa la sita mpaka aote mvi."

Pilipili aliingia na maneno hayo, yakamuuma wiki nzima.

Majaribio yakafanyika, na Mkuu akaja mlangoni na kidole chake. Akawanyooshea wengi, karibu wote wa machimboni. "Na wewe, mrefu." Twiga hakulia. Aliinama kulishika dawati kama mtu anayeijua kazi yake, na ni huko kuijua ndiko kulikompandisha Pilipili damu kichwani. Alipita katikati ya madawati, akafika pale, akakaa juu ya dawati la Twiga na uzito wake wote. Dawati likalia.

"Mwalimu, unafanya nini?" Mkuu aliuliza.

"Nimekaa."

"Inuka mtoto abebe dawati."

"Anibebe na mimi basi."

Darasa likaangua kicheko. Mkuu akawa mwekundu wa macho. "Hiyo ni amri!"

"Basi amri ije inibebe. Mkuu, huyu mtoto umemrudisha mara mbili. Anajua nusu ya darasa la saba, nusu ya pili hajaiona hata kwa dirisha. Asilimia hajui, kwa sababu zinafundishwa akiwa keshatolewa! Leo hatoki mtu humu."

"Matokeo yakiharibika utajibu wewe."

"Nitajibu. Mdomo ninao."

Mkuu aliondoka. Waliokuwa wamesimama wakaketi mmoja mmoja, wakimwangalia mwalimu wao kana kwamba atageuka. Hakugeuka. Aliwafundisha asubuhi, akawafundisha na mchana wenzake walipokwenda kupumzika, akigombeza, akitania, akirudia hesabu ile ile mpaka sauti ikakwama.

Matokeo yalipotoka, wazazi waliitwa. Mkuu alisimama mbele yao na uso wa msiba. Mwaka uliopita walifanya mtihani tisa, wakafaulu tisa. Mwaka huu walifanya ishirini na watatu, wakafaulu kumi na wanne. Shule ilikuwa imeporomoka vibaya.

"Tuambiane ukweli," alisema. "Watoto wa machimboni wametuangusha."

Wazazi wa machimboni walikuwa wamekaa pale pale mbele yake, vumbi bado nyweleni. Hakuona hata haya!

Pilipili aliruka juu. "Wametuangusha? Kumi na wanne na tisa, kipi kingi? Hawa watoto watano wa ziada ni mawe? Au siku hizi tunasomesha ukuta?"

Wenye maduka walinung'unika kwamba jina la shule limechafuka. Pilipili aliwasikia, lakini moyo wake ulikuwa kwa Twiga, ambaye hakuwamo kati ya wale kumi na wanne. Alikuwa amekosa alama chache tu. Kisha akamwona mponda kokoto anainuka polepole kwenye benchi la nyuma, kofia mkononi, akajua sasa amempoteza yule mtoto.

"Mwanangu amefeli," baba alisema. "Nimeuliza, nimeeleweshwa. Nusu ya kwanza ya darasa la saba mmemsomesha mara tatu. Nusu ya pili, mara moja." Aliizungusha kofia, kwa kuwa hakuzoea kusema mbele ya watu. "Ile nusu ya pili mlimnyima mara mbili. Sikuja kumwombea, Mkuu. Nimekuja kumdaia."