Kurasa kumi na nane zilizofungiwa njugu

Saa tisa na nusu alasiri, nje kidogo ya mji wa Konde. Magunia matatu ya karafuu mbichi yamemiminwa juu ya jamvi na wanawake tisa wamekaa kuyazunguka, miguu wameinyoosha, vidole viko kazini. Karafuu upande huu, makonyo, vile vijiti vyake, upande ule. Hakuna anayetazama mikono yake. Wote wanamtazama Bi Ummkulthum Vuai, ambaye anachambua kama wao huku akiendesha chombo cha angani.

"Hewa imebaki ya siku mbili," anasema, bila kupandisha sauti. "Nahodha kanyamaza. Ramla yuko jikoni anakoroga uji, maana watu arubaini hata wakifa kesho, leo wana njaa."

"Hilo kweli," mmoja anaitikia. "Atawaachaje na njaa?"

Bi Ummkulthum ana umri wa miaka 49 na huu ni msimu wake wa ishirini na mbili wa kuchambua karafuu. Siku njema humpa shilingi elfu saba. Msimu ukiisha husuka ukili na kuuza mikoba. Shule aliiacha darasa la saba. Na kama yupo mtu Pemba nzima anayezipenda riwaya za sayansi ya kubuni kumshinda yeye, mwandishi wa makala haya hajabahatika kukutana naye.

Anazo kumi na moja, ndani ya sanduku la nguo, amezitilia karafuu ili wadudu wasizile. Ukizifungua zinanuka kama sikukuu.

Ya kwanza, na kipenzi chake, inaitwa Mpishi wa Zohali. Ni habari ya Ramla, msichana anayemwacha mama yake peke yake nyumbani ili akawapikie watu arobaini ndani ya chombo kinachokwenda sayari ya mbali. Kitabu hicho ndicho kilichomletea raha ya miaka kumi na moja, na mwezi uliopita nusura kimvunjie heshima yake yote.

Alikipata mwaka 2014, kwa njia ambayo hata yeye huisimulia akicheka. Alikuwa amekwenda kununua njugu katika duka la Mzee Sajid, hapo Konde. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku visiwani, kwa hiyo karatasi ni mali, na mzee yule alikuwa na kitabu kikuukuu juu ya kaunta. Akachana karatasi, akamfungia.

"Nikala njugu njiani huku nnasoma karatasi," anasema. "Nikafika nyumbani, njugu zimekwisha na Ramla kakwama mlangoni, chombo kinawaka moto. Nikarudi mbio. Nikamwambia, Mzee Sajid, naomba usichane tena. Akanipa kitabu, akasema nimletee magazeti badala yake."

Ila Mzee Sajid alikuwa akichana kutokea nyuma. Karatasi ya Bi Ummkulthum ilikuwa ya mwisho kuchanwa, na zilizoitangulia zilikwishaondoka na njugu zake. Kurasa kumi na nane. Mwisho wote wa riwaya ulikuwa umetawanyika Konde, na yumkini uliwashiwa mkaa.

"Marehemu hakuwa na ubaya," anasema Bi Nurjahan, mjane wake, ambaye sasa ndiye mwenye duka. "Karatasi kwake ilikuwa karatasi. Ummkulthum alipokuja anahema, mzee alidhani njugu zilikuwa mbovu."

Msimu ule ule Bi Ummkulthum akaanza kuisimulia hadithi jamvini, kipande kwa siku. Wanawake walinogewa nayo. Waliokuwa wakichambua kwingine wakahamia kwake, na wenye karafuu wakafurahi kwa kuwa kazi ilikwenda mbio. Siku ya siku, akafika mlangoni penye moto, na hapo ndipo palipokuwa na shida.

"Nilitaka kusema kurasa hazipo," anasema. "Wallahi nilitaka. Nikamtazama Bi Bimkubwa, nikashindwa."

Bi Bimkubwa Mjaka, 63, ni jirani yake, kitongoji kimoja, kisima kimoja. Mwezi ule binti yake Kauthar alikuwa ameondoka kwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Bi Bimkubwa alikuwa ameacha hata kuchambua. Alikuwa amekaa na konyo mkononi, anangoja Ramla afanywe nini.

Basi Ramla akarudi. Bi Ummkulthum alimtoa motoni, akamvusha angani, akamshusha duniani na kumtembeza mpaka uani kwa mama yake, akamkuta mama yuko hai anapuliza moto jikoni. Jamvi zima likalia.

"Bi Bimkubwa akaniuliza, ndivyo ilivyoandikwa? Nikasema, ndivyo," anasimulia. "Neno moja tu. Nimelibeba miaka kumi na moja. Kila msimu wananiomba hadithi ile ile, na kila msimu nnaulizwa, na kila msimu nnajibu ndivyo."

Huenda angeendelea kulibeba mpaka kaburini kama si Hafiz, kijana mwenye banda la kuonyeshea mpira. Mwezi uliopita alibandika tangazo ukutani: riwaya ya Mpishi wa Zohali imetengenezwa filamu huko Bara, itaonyeshwa Jumapili saa kumi jioni, wanawake peke yao, kiingilio shilingi elfu moja. Habari ikafika jamvini kabla ya gundi kukauka.

Wenzake walifurahi kama waalikwa wa harusi. Yeye alijitia homa.

"Nikajifunika shuka mbili, joto lote lile," anasema. "Bi Bimkubwa akaniletea uji wa pilipili manga, akakaa kitandani. Akasema, miye siondoki hapa mpaka uinuke, siwezi kumwona Ramla bila weye. Nikainuka."

Hafiz alikuwa ametundika shuka jeupe na kuziba madirisha kwa kanga. Bi Ummkulthum alikaa karibu na mlango, na ukimuuliza leo juu ya filamu ile, anakujibu kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Chombo kilitengenezwa vizuri, hana neno. Pete za Zohali zilimtoa machozi, kwa sababu miaka yote alikuwa akiziona kichwani kwake na hakujua kama mtu mwingine naye anaziona. Lakini jikoni hakuridhika.

"Saa mbili nzima Ramla kapika mara moja," analalamika. "Na sufuria ilikuwa tupu. Niliiona. Haikutoa hata mvuke."

Kisha ukaja mlango, na moto. Ramla wa filamu alijifungia nje ili wenzake wapone. Shuka likawa jeusi, majina yakaanza kupita. Basi. Hakukuwa na dunia wala ua, wala mama yeyote. Bi Ummkulthum alikaa akingoja kugeukiwa.

Aliyesimama ni Bi Bimkubwa. "Wameikata," akasema. "Watu wa filamu ndio kazi yao, kukata. Sie tunaujua mwisho wake."

Njia nzima ya kurudi, wanawake wale waliwasema watengenezaji wa filamu kwa kila walilokuwa nalo mdomoni. Bi Ummkulthum alikuwa amesalimika. Angenyamaza tu, hadithi yake ingebaki kuwa ndiyo ya kweli na filamu ndiyo ya uongo mpaka kiama.

"Nilipaswa kufurahi," anasema. "Sikuweza. Wanawatukana watu wa watu kwa ajili ya uongo wangu."

Kesho yake, kabla gunia la pili halijamiminwa, akawaambia. Kurasa hazikuwepo. Mwisho alioutoa ulikuwa wa kichwa chake. Ulioandikwa haujui, hajapata kuujua.

Wengine waliguna, mmoja akacheka. Bi Bimkubwa aliinuka, akakung'uta kanga, akaenda kuchambua kwenye jamvi la Mzee Kificho, mwenye karafuu mwingine, hatua mia kutoka pale. Siku nne hakurudi, na salamu aliitikia kwa kichwa.

"Sikuchukia kwa sababu ya hadithi," anamwambia mwandishi. "Nilichukia kwa kuwa niliuliza, nikajibiwa. Mwanangu kaja mara mbili tu miaka yote hii. Nikimkumbuka hujipa moyo kuwa Ramla naye alikwenda mbali zaidi, na karudi. Kumbe nilikuwa nimeegemea kitu ambacho hakuna aliyekiandika."

Siku ya tano, mpwa wake Bi Ummkulthum aitwaye Haidar, aliyetumwa kuulizia kitabu kila pembe, akapata nakala nzima kwa mwalimu mstaafu huko Madungu. Mwalimu hakukubali kitabu kitoke ndani, ila aliruhusu kipigwe picha. Kurasa kumi na nane zikaingia kwenye simu ya Bi Ummkulthum asubuhi, naye hakuzifungua.

"Niliogopa nikizisoma peke yangu nitazitengeneza tena," anasema.

Alizipeleka kama zilivyo mpaka kwa Mzee Kificho, akampa Bi Bimkubwa simu mkononi. Bi Bimkubwa alijifunza kusoma ukubwani, na husoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Wanawake wa majamvi yote mawili walikusanyika. Ilichukua alasiri nzima, na karafuu za Mzee Kificho zililala bila kuchambuliwa.

Katika kitabu, Ramla hakujifungia nje kufa. Alikikata kile chumba cha jiko kutoka kwenye chombo, yeye yumo ndani, chakula kipo, hewa haijulikani itafika wapi. Redio kimya. Analielekeza jiko lake upande wa dunia. Halafu, mstari wa mwisho kabisa, anapima vikombe viwili vya maharage na kuyaloweka.

Bi Bimkubwa aliweka simu chini. "Huyu hafi," akasema. "Mtu anayekufa leo anaroweka maharage ya nini?"

Akachukua jamvi lake dogo la kukalia, akatangulia kurudi. Bi Ummkulthum anasema alilia njia nzima, na kwamba tangu mwaka 2014 hajapata kulala kama alivyolala siku ile. Alihisi kama aliyetuliwa gunia mgongoni.

Filamu ameisamehe. Anataka Hafiz airudie, akazitazame tena zile pete. "Wamechukua kila kitu, wameacha maharage," anasema. "Si ubaya. Hawapiki tu."

Sasa amenunua daftari. Anaandika safari yote ya Ramla, kuanzia maharage hadi uani kwa mama yake, na amefika ukurasa wa thelathini na mbili. Akilimaliza anataka lipigwe chapa, hata nakala ishirini, na jina lake liwe juu ili mtu asije akaulizwa tena hadithi ni ya nani.

Jamvini, jua limeshuka na rundo la makonyo limekua. Bi Ummkulthum amefika kwenye maharage. Anasita, kama anavyofanya kila mara siku hizi.

"Hapa kitabu kimekwisha," anasema. "Yanayofuata ni yangu miye."

Kuliani kwake, Bi Bimkubwa hainui macho kutoka kwenye karafuu.

"Tunajua ni yako," anasema. "Mlete mtoto nyumbani."