Siku Simsim Alipokataa Tela

Tupokigwe alitoka Tukuyu kuja Dar kufanya kazi za ndani kwa Mzee Bandali, Upanga. Alikuwa hajawahi hata kumgusa farasi. Mzee alipomnunulia binti yake Hawra farasi na kumweka kwenye kiwanja chake cha Bunju, alimwomba Tupokigwe akamwangalie kwa wiki mbili, mpaka apatikane mtu. Wiki mbili zikawa miaka tisa.

Farasi mwenyewe aliitwa Simsim, kwa rangi yake ya ufuta. Alikuwa akipelekwa kwenye sherehe za watoto Mbezi na Masaki, wapande, wapigwe picha. Siku hizo hakukuwa na kuvutana. Tupokigwe aliingia kwenye tela, Simsim akamfuata, kamba imelegea, kama watu wawili wanaoingia dukani.

Kisha Hawra akaolewa Mombasa, kiwanja kikauzwa, na Simsim akapata mwenyewe mpya Arusha. Jumamosi saa mbili asubuhi dereva Mfaume akapiga rivasi mpaka getini, akashusha mlango wa nyuma wa tela ukawa ngazi ya kupandia.

Simsim alienda vizuri mpaka pale. Akaweka kwato moja juu ya mlango. Akaiondoa.

"Njoo baba," Tupokigwe alimwambia. Hakuja.

Alimpa karoti. Simsim alirefusha shingo, akaichukua, miguu ikabaki chini. Akamzungusha kiwanja kizima na kurudi. Akamfunika macho kwa kanga. Mafundi wawili waliokuwa wakichimba msingi wa mwenye kiwanja mpya wakaja kusaidia, wakapitisha kamba nyuma ya mapaja yake na kuvuta. Simsim akasimama kwa miguu miwili. Kila mtu akakimbia isipokuwa Tupokigwe, na kamba ikamchuna viganja.

"Dada Tupo, huyu anataka fimbo," Mfaume alisema.

"Hajawahi kupigwa. Hapigwi leo."

"Sasa tunafanyaje? Mie safari ndefu hii."

Tela lilikuwa lilelile, dereva yuleyule. Tupokigwe alimpapasa magoti, akamwinua kwato moja moja, akatafuta jeraha. Hakuona kitu.

Saa tano Mzee Bandali akapiga simu.

"Tupo, si huwa anakusikiliza wewe?"

"Ndiyo mzee."

"Sasa?"

Tupokigwe alimtazama Simsim. Miaka yote hiyo watu wakimsifu kwamba anaongea na farasi, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini.

Mzee akamtuma daktari wa mifugo. Daktari Elinaza alifika saa nane, akamchoma Simsim sindano ya kumtuliza, shingoni. "Nimempa kidogo tu, asianguke," alisema. "Mkishampakia msiondoke mpaka asimame sawasawa."

Shingo ikainama taratibu, mdomo wa chini ukaning'inia. Wanaume wakamsukuma, Tupokigwe amemshika kichwa, na Simsim akapanda akiyumba kama mlevi. Tupokigwe alimwita jina. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtazama. Hilo ndilo lililomliza, pale ndani ya tela, mbele ya mafundi, bila kujificha.

Saa kumi Mfaume akafunga mlango na kuondoka. Tupokigwe alibaki amesimama na ndoo ya pumba, mafundi wakarudi kwenye msingi wao.

Siku hizi analea mtoto wa watu, Tabata. Jumatatu iliyofuata safari ile alimpigia mtunzaji mpya wa Simsim kule Arusha. Akaambiwa Simsim amefika salama, anakula.

"Alishukaje?"

"Mwenyewe tu, mama. Tulifungua, akashuka, akatufuata."

Tupokigwe akashukuru, akakata simu. Alikaa kitandani, asijue kama hiyo ilikuwa habari njema.